Stata ya Canter ilivyonila milioni moja, na kitu kilichokuwa kinaiua

Naandika hii kwa yeyote mwenye Canter, Dyna, Fuso au gari lolote la mzigo la zamani ambaye asubuhi anazungusha ufunguo anasikia "tak" moja alafu kimya. Mi nimepitia hiyo kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba na hela iliyonitoka nikikaa nikaihesabu roho inauma, sio kwa sababu gari limekula hela, gari la zamani lazima lile, ila kwa sababu karibu yote haikuwa lazima.

Gari langu ni Canter ya injini ya 4D33, umeme wake volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimeunganishwa kwa kufuatana. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, kazi yangu ni kubeba alizeti na mahindi, naenda Chemba, Haneti, Kibaigwa, narudi mjini kwa watu wa kukamua mafuta kule Kizota. Mwezi wa nne klachi iliisha. Fundi akashusha gia boksi, akafunga klachi mpya, gari likawa jepesi, nikamlipa, na pale pale akanipa mfuko wa nailoni wenye rilizi beringi ya zamani, bolti bolti na vitu vingine akasema hivi vyako bosi. Nikautupia chini ya kiti. Huo mfuko muuweke akilini.

Wiki kama tatu baadae ndo ikaanza. Asubuhi nazungusha ufunguo, tak. Narudia, tak. Mara ya tatu inashika. Nikaona kawaida tu labda baridi, maana huku kwetu kuanzia mwezi wa tano hivi asubuhi panakuwa na ubaridi na upepo na dizeli ya zamani inataka nguvu kuzungushwa. Baadae ikabadilika ikawa ta-ta-ta-ta-ta kama mtu anagonga meza na kidole, haraka haraka, na taa za dashibodi zinapepesa. Kila niliyemuuliza kijiweni akasema betri hizo kaka. Na kweli zilikuwa na mwaka na nusu. Nikanunua mbili mpya, N70, 230,000 kila moja, jumla 460,000. Hela ya ada ya mtoto ile, mama watoto nilimwambia ntairudisha mwisho wa mwezi.

Siku ya kwanza gari likawaka vizuri nikajua basi. Siku ya nne ta-ta-ta.

Hapa naomba mnielewe, kabla ya kununua betri kulikuwa na vipimo viwili vya bure ambavyo sikuvifanya. Cha kwanza ni mita, ile ndogo ya kidijitali ya bei rahisi inatosha kabisa: betri ya volti 12 iliyojaa ikiwa imetulia inasoma kama 12.6, kwa hiyo mbili zinatakiwa kukupa 25 na kidogo, na ukiwa unapiga stata (ile mota inayozungusha injini iwake) zisishuke chini ya 19 hivi. Cha pili ni kushika kwa mkono. Ukishapiga stata mara kadhaa (toa ufunguo kwanza) shika tamino za betri (vile vibano vya waya) na vichwa vya waya mnene, penye joto hapo umeme unapita kwa shida. Mi nilienda moja kwa moja dukani kwa sababu nilisikia maneno ya watu wengi wanasema kitu kimoja.

Basi baada ya betri kushindwa watu wale wale wakasema solenoidi. Na hapo hawakukosea, solenoidi ilikuwa mbovu kweli, ila hakuna aliyeniuliza kwa nini imekuwa mbovu.

Nieleze kidogo inavyofanya kazi kwa sababu nisingeelewa hili nisingeelewa yaliyofuata. Solenoidi ni ile silinda ndogo iliyopanda juu ya stata. Ukizungusha ufunguo umeme mdogo unaingia kwenye mguu mdogo wa pembeni, yenyewe inageuka sumaku, inavuta chuma cha katikati. Hicho chuma kinafanya mambo mawili kwa mpigo, upande mmoja kinasukuma uma unaopeleka gia ya stata ikang'ate flaiwili (lile gurudumu zito la meno nyuma ya injini), upande mwingine kinabana sahani ya shaba kwenye vichwa viwili vya bolti za shaba ili umeme mkubwa wa betri uingie kwenye mota. Ndani kuna koili mbili, moja ina nguvu ni ya kuvuta, nyingine ni ya kushikilia tu. Sahani ikishabana ile ya kuvuta inajikata inabaki ya kushikilia peke yake. Sasa kama umeme unaofika ni dhaifu, sahani inabana, mota inavuta umeme mwingi, volti zinaanguka, koili ya kushikilia inakosa nguvu, inaachia, volti zinarudi, inavuta tena, inaachia tena. Hiyo ndo ta-ta-ta. Na kila "ta" moja ni cheche moja kwenye shaba.

Kwa hiyo sauti yenyewe inakwambia mengi. Tak moja nzito alafu kimya mara nyingi shaba zimeungua, au kaboni za stata zimeisha. Ta-ta-ta ni umeme mdogo unafika, au ile koili ya kushikilia imekatika. Kimya kabisa hata tak hakuna, usiguse solenoidi kwanza, angalia kama umeme unafika kwenye ule mguu mdogo, inaweza kuwa swichi ya ufunguo, rilei, fyuzi, au kijiwaya kimechomoka. Na kama stata inalia wiii inazunguka lakini injini imetulia, hiyo ni gia haiendi kung'ata.

Nilienda duka la spea bila kubeba ya zamani. Kosa. Muuza duka akatoa moja kwenye boksi, umbo lile lile, matundu yale yale, nikawa nishatoa hela, shemeji yangu tuliyekuwa naye ndo akaigeuza akasoma chini imepigwa mhuri 12V. Ningeifunga hiyo kwenye umeme wa 24 ingeungua sijui hata siku ngapi. Tukarudi nyumbani, tukaifungua ya zamani, tukarudi nayo dukani, tukapata ya 24 kwa 70,000, kopi, sio orijino.

Tuliifunga wenyewe mimi na shemeji uani. Tukatoa waya wa hasi wa betri kwanza, hilo nawasisitiza sana, hasi kwanza, kwa sababu ule waya mnene wa kwenye stata unakaa na umeme wa betri muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, spana ikigusa pale na kugusa bodi inayeyuka mkononi mwako. Tukashusha stata nzima chini badala ya kuhangaika nayo ikiwa juu, bora hivyo, unaona unachofanya. Kati ya solenoidi na uso wa stata kulikuwa na shimu nyembamba kama karatasi, shemeji alitaka kuitupa akidhani ni uchafu, nikamwambia rudisha kilichokuwepo. Nilikuja kuambiwa baadae kwamba hizo ndo zinapanga gia itoke umbali gani, ukizitupa gia inakwenda kubana au inang'ata nusu.

Mara ya kwanza tukakosea. Kile chuma cha katikati kina ndoano mbele, inatakiwa iingie kwenye uma, sisi tukaisukuma tu tukakaza skrubu. Tumerudisha kila kitu, napiga stata, wiiii, inazunguka tupu. Tukashusha tena. Masaa mawili mengine. Jambo lingine ni ile nati ya waya unaoenda kwenye mota, usiikaze kwa hasira, bolti yake ikizunguka inakata waya wa ndani na hapo umeua solenoidi mpya kabla haijafanya kazi.

Ikawaka. Wiki sita gari linawaka. Lakini kulikuwa na mambo nilikuwa nayaona na nayapuuza, na haya ndo yananiuma kuliko hela. Stata ilikuwa inazunguka kivivu, haikuwa na ile pumzi ya zamani. Taa zikawa hazina nguvu nikiwa silensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga akseleta. Na kitu cha ajabu zaidi, nikiwasha gari asubuhi akseleta inakuwa nzito, inakwama kwama kama dakika kadhaa, na ndani kuna harufu ya plastiki. Nikasema kebo ya akseleta imeingia vumbi, nikaipaka oili. Barabara zetu za kuingia mashambani kila mtu anajua vumbi lake. Sikuwahi hata siku moja kuunganisha akseleta na stata kichwani, ningeunganishaje?

Mwezi wa saba nililala Haneti. Kulikuwa na mzigo wa gunia 60 za alizeti za kupeleka mjini, nauli 4,000 kwa gunia. Saa kumi na mbili asubuhi, gari tupu, nataka kulisogeza kwenye ghala tupakie. Napiga stata, ta-ta-ta, nikapiga tena nikashikilia ufunguo, injini ikawaka. Nikaachia ufunguo. Sauti ya stata haikukata.

Nikazima gari. Injini imekufa, stata bado inalia. Nikachomoa ufunguo nikaushika mkononi, stata inalia. Aisee sijawahi kuogopa gari namna ile. Shaba za ndani ya solenoidi zilikuwa zimeyeyuka zimeshikana, yaani waya wa betri umeungana moja kwa moja na mota na hakuna swichi yoyote kwenye gari inayoweza kuukata. Moshi ukaanza kupanda. Dogo, utingo wangu, akakimbilia betri, tamino zimekazwa, hazitoki kwa mkono, ananipigia kelele spana bro spana! Mimi niko chini ya kiti natupa vitu nje, jeki, kamba, mfuko wa nailoni umepasuka bolti zikamwagika chini, spana ikawa ya mwisho kabisa. Mpaka anatoa hasi sidhani hata dakika ilifika, lakini stata ilikuwa imewaka bluu, ukiisogelea unasikia inanuka vanishi iliyoungua.

Tangu siku ile spana ya tamino nimeifunga kwa mpira pembeni ya boksi la betri, haitoki hapo. Kama una uwezo zaidi weka swichi ya kukatia betri. Nisiongeze maneno.

Tulitoa ule waya mnene kwenye stata, tukauzungushia mpira wa tyubu ukabana vizuri, tukarudisha betri, tukaomba watu wa pale. Wazee wa Kigogo walikuwa wanaelekea shambani, tukasalimiana mbukwenyi, wakaweka majembe chini bila hata kuuliza ntawapa nini, wakasukuma na vijana wengine kama 12 hivi, gia ya pili, nikaachia klachi, ikawaka. Gari za pampu za zamani hizi zinasukumika, ni neema. Mzigo lakini ulishapewa Fuso nyingine. 240,000 imekwenda hivyo.

Mjini nikapelekwa na jirani kwa fundi umeme mmoja mzee, kibanda chake kipo nje tu chini ya mwarobaini. Nikamwambia shikamoo mzee, nataka stata nyingine ya mtumba unifungie. Akaitikia marahaba, akaikata stata yangu kwanza, akanionyesha. Zile bolti za shaba zinatakiwa ziwe na uso bapa unaong'aa, zangu zilikuwa na mashimo kama ardhi iliyonyeshewa matone makubwa, na sahani imegandana na bolti moja, kuna uvimbe wa shaba kama donge la asali katikati. Akaweka kidole pale akasema, "Kijana wangu, hii imepigwa cheche maelfu. Solenoidi ya wiki sita haifi hivi. Kuna kitu kinaiua, tukifunga nyingine leo utarudi hapa mwezi ujao."

Stata ya mtumba kutoka Japani nilinunua 280,000. Alipoifunga hakuniruhusu niondoke. Akachukua mita, ncha moja akaweka kwenye hasi ya betri yenyewe, sio kwenye tamino, kwenye risasi yenyewe ya betri, ncha nyingine akabana kwenye bodi ya stata, akamwambia dogo apige. Mita ikasoma volti 7. Akaniuliza unajua maana yake? Sikujua. Akasema kati ya hasi ya betri na bodi ya stata hapatakiwi kuwe na tofauti, ikizidi sana nusu volti mpaka moja. Hapa volti 7 zinapotea njiani kurudi betri. Umeme unakwenda kwa waya mnene alafu wakati wa kurudi hauna njia.

Akachukua waya wa jampa, upande mmoja hasi ya betri, upande mwingine akabana kwenye chuma cha injini, akasema piga. Injini ilizunguka kwa nguvu ambayo sijaisikia tangu mwezi wa nne. Nilisimama pale machozi yananilenga, nasema wazi. Kipimo cha waya mmoja wa jampa, dakika mbili, hata mita huhitaji.

Tukabinua kabini. Injini ya Canter imekaa juu ya mauntingi za mpira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo betri inapeleka hasi yake kwenye chesisi na kutoka chesisi lazima kuwe na waya unaovuka kwenda kwenye injini au gia boksi. Mzee akamulika tochi kwenye gia boksi, kuna tundu la bolti, limezungukwa na duara safi la chuma cheupe katikati ya grisi na vumbi, kitu kilikaa pale miaka na sasa hakipo. Na kwenye chesisi, mkabala, duara lingine kama hilo. Dogo akasema, "Bro, si ule mkanda wa shaba uliomwagika Haneti?"

Akaenda akauleta. Waya bapa wa kusukwa kwa shaba, ndo mkanda wa eathi wenyewe, urefu kama mkono mpaka kiwiko, matundu mawili, ulikuwa kwenye ule mfuko wa fundi wa klachi. Miezi mitatu nimetembea nao chini ya kiti changu.

Na akseleta? Umeme uliokosa njia ulitafuta njia nyingine, ukapita kwenye kebo ya akseleta, maana nayo ni chuma kinachotoka injini kwenda kwenye bodi. Kila nikipiga stata ile kebo ilikuwa inapata moto kama pasi, plastiki ya ndani imeyeyuka imeshikana na waya. Tuliivuta nje ikatoka imekauka kama mfupa. Kebo mpya 25,000.

Mzee alipiga brashi ya chuma yale maduara mawili mpaka yakang'aa, akafunga mkanda kwa bolti mpya na washa za meno, akapaka grisi juu baada ya kukaza, sio kabla. Bolti 2,000. Akapima tena, 0.3. Akanidai 30,000 ya kazi yote, nikampa 40,000.

Ukijumlisha betri, solenoidi, stata, mzigo uliopotea, kebo na fundi ni milioni moja na laki moja na zaidi kidogo. Betri zangu za zamani niliziuza kwa wale wanaonunua betri mbovu, naamini zilikuwa nzima. Ada nilichelewa kulipa mwezi mzima na mtoto alirudishwa nyumbani siku mbili, hilo mama watoto hajanilaumu ila nalikumbuka.

Kwa hiyo kama gari lako limetoka kushushwa gia boksi, injini au kuchomelewa chesisi, na ndani ya wiki kadhaa stata ikaanza ta-ta-ta, lala chini utafute huo waya kabla hujafungua pochi. Na fundi akikupa mfuko wa vitu vilivyobaki mwage chini pale pale mbele yake, muulize kimoja kimoja hiki kilikuwa wapi. Kile ambacho hana jibu lake msiondoke mpaka kipate mahali. Na jamani ile ya kuunganisha bolti za stata kwa bisibisi ili gari liwake bila kupitia ufunguo, wengi tunafanya, hakikisha gari liko nyutro, handibreki imevutwa na hakuna mtu mbele ya tairi. Dogo aliwahi kuifanya mwezi wa sita gari likiwa kwenye gia, likaruka mbele hatua nzima na yeye yuko ubavuni kwenye tairi la mbele, lilimpita karibu na mguu.

Kwa yule fundi wa klachi nilirudi. Sikwenda kugombana. Nilimkuta ameshusha gia boksi ya Dyna ya mtu, nikamwonyesha picha ya yale maduara mawili kwenye simu. Aliiangalia muda mrefu, alafu akainama akachungulia chini ya ile Dyna, akamwita kijana wake akamwambia alete mkanda wa eathi uliokuwa kwenye karai la bolti.